Msitu wa Uani kwa Bi Mwanakombo

Sogeeni, wenzangu, ila angalieni mnapokanyaga. Sababu mtaiona wenyewe.

Kuna nchi moja iko mbali sana, mbali kiasi kwamba hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kufika wala kulipa kodi huko. Inaitwa Jamhuri ya Tunaelekea. Ukiwauliza wenyeji wanaelekea wapi, watakujibu kwa upole kabisa kwamba swali hilo liko kwenye mchakato.

Katika nchi hiyo alikaa mama mmoja fundi cherehani, Bi Mwanakombo, mjane mwenye cheko la kusikika mpaka barabarani. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, na mbele yake uwanja mdogo, ambao ukitandika jamvi la wageni basi umeshakwisha. Uwanjani palikuwa na mti mmoja, mstafeli. Chini ya mstafeli huo ndipo cherehani ilipokaa, ndipo wateja walipopimwa viuno, na ndipo mwanawe wa pekee, Sikitu, alipojifunza kutambaa, kutembea, na baadaye kuzungumza kwenye simu, kwa sauti ya chini, na kijana mmoja muuza vipuri vya baiskeli.

Siku moja wakaja watu wa Wizara ya Nguzo na Nyaya. Wamevaa kofia ngumu. Wakaangalia mbinguni, wakauangalia mstafeli, wakatikisa vichwa kama madaktari waliokwisha kukata tamaa na mgonjwa.

"Mama, mti wako umekaa kwenye njia ya maendeleo."

"Si muisogeze hiyo njia kidogo?"

"Njia imechorwa na mtaalamu. Mti ulipandwa na nani?"

"Na marehemu mume wangu."

"Alikuwa mtaalamu?"

"Alikuwa dereva wa trekta."

"Basi umeona mwenyewe."

Mstafeli ukakatwa, kisiki kikang'olewa, likabaki shimo. Zikasimama nguzo za chuma ndefu kama zinachungulia nchi ya jirani, na nyaya zikapita juu ya bati la Bi Mwanakombo, zikivuma mmmmm kutwa nzima. Umeme ukawa unapita juu ya kichwa chake ukienda zake mjini bila hata kupiga hodi. Alipouliza yeye atawashiwa lini, aliambiwa umeme ule ni mkubwa mno na nyumba yake ni ndogo mno, havitapatana.

Bi Mwanakombo akacheka, akasogeza cherehani kwenye kivuli cha nyumba, akaendelea kukanyaga.

*

Sasa msije mkadhani Tunaelekea ni nchi isiyojali mazingira. La hasha. Kuna sheria pale, nzuri, imefungwa kwa utepe wa kijani: kila mti uliokatwa kwa ajili ya laini ya umeme sharti urudishwe mahali pengine. Laini ile ilikuwa imefyeka misitu mitatu ya milimani, mikorosho ya kata nzima, na mstafeli mmoja. Vyote virudishwe. Lakini virudishwe wapi?

Milimani hakukuwezekana, barabara ni ya vumbi na gari la Waziri ni jeupe. Wakatafuta, wakakaa vikao, wakanywa maji ya chupa. Mwishowe mtu mmoja akakumbuka kwamba kwa Bi Mwanakombo na lami ni pua na mdomo, na zaidi ya hapo, shimo lipo tayari.

Basi Waziri mwenyewe akaja, Mheshimiwa Profesa Makorongo, na turubai, na bendi ya tarumbeta, na zulia jekundu lililoanzia lami likaishia shimoni. Akashika mche mmoja wa mkangazi, akausogeza mdomoni kama kipaza sauti, akagundua si chenyewe, akashika kipaza sauti.

"Itifaki imezingatiwa! Ndugu wananchi, mti huu siupandi kwa niaba yangu. Mimi Makorongo kama Makorongo nina shida gani na mti? Naupanda kwa niaba ya taifa zima!"

Vifijo, tarumbeta.

Hapa lazima niwaeleze desturi ya Tunaelekea, la sivyo mtaniona mzushi. Kule mkubwa hafanyi jambo lolote kwa ajili yake. Hufanya kwa niaba. Akila, wananchi wameshiba. Akisafiri ng'ambo, wananchi wametembea. Akitibiwa hospitali yenye vioo, wananchi wamepona. Kwa hiyo Waziri akipanda mti mmoja kwa niaba ya taifa, taifa zima limepanda, kila mtu na mti wake, watoto wachanga wakiwemo. Makatibu wakaandika palepale: leo imepandwa miti sawa na idadi ya watu wa Jamhuri. Mmoja akauliza kwa unyenyekevu kama wajawazito wahesabiwe mara mbili. Akapongezwa.

Waziri alipoondoka, akabaki Bwana Misitu, jina lake Shadhili, mtu mrefu mwenye macho ya huruma na viatu vikubwa vya serikali. Akainama, akaung'oa ule mche taratibu, akauviringa kwenye gunia lililolowa maji.

"We baba," Bi Mwanakombo akamaka, "mbona waung'oa tena?"

"Kesho anakuja Naibu Waziri, Bi mkubwa. Naye atapanda wapi?"

"Si achimbe shimo lake?"

Shadhili akageuka huku na huku kuona kama kuna aliyesikia. "Naibu Waziri, achimbe? Wewe mama una watoto au huna?"

Kesho yake akaja Naibu. Kisha Katibu Mkuu, kisha mke wa Katibu Mkuu, kisha timu ya taifa ya netiboli. Wote shimo lilelile, mche uleule. Mche wenyewe ulikonda. Ikafika mahali ukisikia king'ora tu, majani yanajikunja kama mtoto aliyeona sindano.

"Kaka Shadhili, huu mti mbona hamuuachi ushike mizizi?" Bi Mwanakombo akauliza siku moja, huku akimpa chai.

"Ukishika mizizi, Bi mkubwa, utakuwa mti mmoja," alijibu Shadhili. "Hivi ulivyo, ni msitu."

*

Jumatatu moja asubuhi Bi Mwanakombo akafungua mlango akakuta kibao kikubwa kimesimikwa mbele ya uwanja wake. Kimeandikwa: MSITU MKUU WA TAIFA. MNENE. HAPAPITIKI. Chini yake, kwa herufi ndogo: karibu sana.

Wakati huo cheko lake lilikuwa bado lipo. Alikisoma, akajipiga paja, akamwita jirani yake wa ng'ambo ya barabara, "Havijawa! Havijawa njoo uone, nimekuwa nyani!" Wakacheka wote wawili, huyu upande huu, yule upande ule.

Ila yeye alikuwa na safari. Sikitu alikuwa anaolewa Jumamosi ya wiki hiyo na yule kijana wa vipuri, Rajabu. Kwa sababu ya tarumbeta za kila siku pale uwanjani, harusi ilihamishiwa kwa mjomba wake, Fikirini, kata ya pili, na bibi harusi alikwisha kuwekwa ndani huko, anasingwa na kufundwa. Na kwao kuna mila moja haina mjadala: bibi harusi hatolewi mlangoni mpaka mama yake mzazi apokee mkaja, kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya watu. Mkaja ni kitambaa tu, cha kumshukuru mama kwa tumbo lililobeba. Shangazi hapokei. Bibi hapokei. Hata mama awe amelazwa, watu huenda na bibi harusi mpaka kitandani. Mama asipopokea, upande wa mume unafunga vyungu vyao unarudi kwao, na msichana anabaki na hina mikononi na jina baya mtaani.

Basi Jumanne Bi Mwanakombo akafunga kikapu chake, akavaa kanga mpya, akashuka uwanjani. Shadhili akatokea mbele yake, kapanua mikono.

"Bi mkubwa, unakwenda wapi?"

"Kwa kaka yangu, kuoza mwanangu."

"Unapita wapi?"

"Hapa hapa. Kwani nipae?"

Shadhili akavua kofia. "Dada yangu, nisikilize vizuri, mimi sikufanyii roho mbaya. Huu ni msitu mnene, umetangazwa. Mbele yako hapo kuna mikangazi, kuna mininga, imebanana hata mbwa hapiti. Sasa ukitoka hapa ukatembea moja kwa moja mpaka lami, maana yake nini?"

"Maana yake nimefika lami."

"Maana yake miti iliyokuwa hapo haipo. Na kama haipo, imekatwa. Nani kaikata? Aliyepita. Kila mti na kifungo chake. Hata wajukuu zako hawatamaliza kukitumikia."

Bi Mwanakombo akautazama uwanja. Kuku wake mmoja alikuwa anatoka upande wa lami, anakatiza katikati ya msitu mnene, anapekua.

"Na huyo?"

"Huyo ni ndege wa porini," alisema Shadhili. "Keshaandikishwa."

Akataka kupita kwa nyuma. Nyuma kulikuwa na nguzo ya chuma na uzio wa Wizara wenye picha ya fuvu. Akataka kupita kwa nguvu. Shadhili hakumgusa, alikaa chini tu mbele ya miguu yake, kajishika kichwa. "Ukipita nafungwa na mimi, kwa kulala lindoni. Nina watoto, Bi mkubwa. Na unadhani mimi nimetoka? Tangu kibao kisimame na mimi nimo. Mke wangu jana kanirushia ugali kutoka barabarani, kisamvu kimemwagikia kule kwenye mikangazi."

Siku hiyo Bi Mwanakombo alirudi ndani na kikapu chake. Cheko likakatika. Juu ya bati, nyaya zikaendelea, mmmmm, mmmmm.

*

Jumatano redio ya taifa ikatangaza, kwa sauti ya msiba, kwamba mama mmoja raia mwema amepotea ndani ya Msitu Mkuu, na serikali haitalala mpaka apatikane. Simu ya Bi Mwanakombo ikalia.

"Mama! Uko wapi?" Alikuwa Sikitu, analia.

"Niko nyumbani, mwanangu."

"Redio inasema umepotea!"

"Ndiyo. Nimepotea nyumbani."

"Mama usinitanie. Huku wanasema umeliwa na chui. Mama yake Rajabu kaja na dada zake, wanasema mkaja apokee nani, na harusi ya mtu aliyeliwa na chui ni mkosi. Wanasema Jumamosi alasiri wakifika na wewe hupo, wanageuza."

"Waambie nakuja."

"Unakuja vipi?"

Simu ikazimika. Chaji imekwisha. Siku zote alichajia kwa Havijawa, mwenye paneli ya umeme wa jua juu ya paa, na kwa Havijawa sasa ni ng'ambo ya msitu. Akabaki ameishika ile simu nyeusi, na juu ya kichwa chake unapita umeme wa kuwasha miji mitano.

Adhuhuri wakaja waokoaji. Kikosi kizima, mapanga kiunoni, kamba mabegani, mkuu wao na kifua kilichojaa nishani. Waliteremka garini, wakafika kwenye kibao, wakainama. Wakaanza kupenya. Wanasukuma matawi kwa mikono, wanakwepa miiba, wanaruka magogo. Mmoja alikwama kabisa, wenziwe wakamvuta mguu. Bi Mwanakombo aliwaona kuanzia mwanzo hadi mwisho, kakaa kwenye kiti cha cherehani, mkono shavuni.

"Bi Mwanakombooo!" akaita mkuu wa kikosi, kutoka pale ambapo mtu angeweza kumpa chumvi.

"Nipo hapa, baba."

Mkuu akainua mkono, kikosi kikatulia. "Mmesikia?"

"Tumesikia, afande."

"Ndege gani huyo?"

"Nimesema nipo hapa! Nakuona mpaka vifungo!"

"Hondohondo," alisema mmoja.

"Hapana, huyo kwembe," alisema mwingine. "Hondohondo hana hasira hivyo."

Wakazunguka cherehani, wakazunguka nyumba, wakachungulia chunguni. Mmoja, kijana wa heshima zake, akamnong'oneza bila kumtazama usoni, "Shikamoo mama. Tunaomba maji ya kunywa." Bi Mwanakombo akampa. Wakanywa kata kwa kata, wakafuta midomo, wakapenya tena kurudi barabarani, na mkuu akawaambia waandishi wa habari kwamba msitu ule ni mnene kuliko alivyodhani, na kwamba kwa mila za mababu mama yule ahesabiwe amepokewa na mizimu.

Shadhili aliangalia ardhi muda wote. Walipoondoka akasema polepole, "Wangekuona, ingebidi wakutoe. Wakikutoa, ingebidi waonyeshe walipopita."

"Kwa hiyo mimi ndiyo basi?"

"Mimi nilizoea siku ya pili," alisema Shadhili. Hakuwa anatania.

Jioni ile Bi Mwanakombo hakukanyaga cherehani. Alitoa kanga aliyokuwa amemnunulia Sikitu, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Barabarani, mbele ya macho yake, walipita watu na baiskeli zao, wengine anawajua kwa majina. Walipofika kwenye kibao waliongeza mwendo, wasije wakaonekana wanamwona.

*

Ijumaa asubuhi mche ukajikunja kabla king'ora hakijasikika. Alikuwa Mheshimiwa Makorongo, kaja kuhani.

Alisimama ukingoni mwa uwanja, kofia kifuani. "Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa. Humu, ndani ya giza la matawi haya, amepotea mama yetu. Naomba tusimame kimya kwa dakika moja."

Wakasimama kimya. Ukimya huo Bi Mwanakombo aliutumia vizuri. Alipenya, ndiyo, alipenya, maana alikwishajifunza: aliinama, akakwepa matawi, akaruka magogo, ili asivunje sheria yoyote, mpaka akatokeza pua yake karibu kabisa na tai ya Waziri.

"Mheshimiwa. Mimi huyu."

Waziri hakutikisika. Midomo tu ndiyo ilicheza. "Najua, mama. Nakuona."

"Kama waniona, mbona waniombea dua?"

"Nakuona vizuri kabisa, hata hiyo kanga nimeipenda. Lakini mimi nikikuona, sikuoni peke yangu. Nakuona kwa niaba ya taifa. Taifa zima likikuona, mama, msitu utakwenda wapi?" Jasho lilikuwa linamtiririka. "Na mimi nina mama. Nifanyeje?"

"Mwanangu anaolewa kesho alasiri. Nisipofika harusi imevunjika. Niambie tu, Mheshimiwa, katika nchi hii kitu gani kinaruhusiwa kupita kwenye msitu wa serikali?"

Waziri akafikiri. Dakika ya ukimya ikaongezwa ikawa mbili. Waliokuwa nyuma walianza kulia kweli, kwa uchovu.

"Laini ya umeme," alisema.

Wakatazamana. Shadhili, aliyekuwa pembeni na gunia lake, akafumba macho kama mtu aliyeona gari linakuja. Lakini Bi Mwanakombo hakumtazama Shadhili.

"Basi niletee umeme, Mheshimiwa. Kutoka mlangoni kwangu mpaka lami. Nimeuomba miaka."

Uso wa Makorongo ulifunguka kama mwavuli. Waziri wa Nguzo na Nyaya akiombwa nguzo! Akageuka kwa umati, sauti imerudi kifuani. "Ndugu wananchi! Kwa heshima ya marehemu, natangaza leo ujenzi wa Laini ya Kumbukumbu ya Bi Mwanakombo! Njia ifyekwe mara moja!"

Vifijo, tarumbeta, na kilio cha furaha.

Mchana uleule wakaja vibarua na misumeno ya mafuta. Loo, ilikuwa kazi! Misumeno inanguruma, vumbi linapanda, wanakata hewa kuanzia usawa wa goti. Kila baada ya muda mmoja anapiga ukelele, "Mti huoooo!" na wote wanakimbia, na Bi Mwanakombo naye kajitupa pembeni, maana usalama kazini ni wa wote. Kibarua mmoja alikwepa mninga mkubwa akatumbukia kwenye shimo la mche, akateguka kifundo. Akaandikiwa kuwa ameumizwa na mninga. Ilipofika magharibi njia ilikuwa nyeupe, pana, imenyooka. Kusema kweli ilikuwa hivyohivyo tangu asubuhi, lakini sasa ilikuwa halali. Zikasimikwa nguzo mbili. Nyaya, walisema, ziko kwenye mchakato.

*

Jumamosi Bi Mwanakombo akapita.

Alitembea katikati ya uwanja wake mwenyewe, wima, taratibu, kama bibi harusi ni yeye. Akakanyaga lami. Havijawa alivuka barabara mbio, akasita hatua moja, akamtazama juu mpaka chini. "Ni wewe?"

"Ni mimi, wacha kunitazama kama mzimu!"

Akamkumbatia. Cheko likarudi, likasikika mpaka kwa muuza samaki. Bi Mwanakombo akaitazama nyuma nyumba yake mara moja tu. Shadhili hakuwapo lindoni. Gunia nalo halikuwapo. Hilo aliliona, maana jicho lake halipitwi na uzi, lakini siku ya kuoza mwanao unawaza gunia?

Kwa Fikirini watu walikuwa wamejaa mpaka barazani. Upande wa mume ulikuwa umeshafika, na mama yake Rajabu, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya dhahabu, alikuwa ameshasimama, pochi kwapani, anasema, "Sisi hatukatai, ila mambo ya chui hatuyawezi." Bi Mwanakombo akaingia.

Kilichofuata ni kelele. Wengine walipiga vigelegele, wengine walisoma dua za kufukuza mashetani, Fikirini kaka yake alilia waziwazi na kisahani cha pilau mkononi. Sikitu alitoka chumbani, ambako hakutakiwa kutoka, akamwangukia mama yake shingoni na hina yake mbichi, ikamchafua kanga yote. Mkaja ukaletwa. Bi Mwanakombo akaupokea, kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya watu.

"Haya," akasema. "Mchukueni. Na akirudi kwangu analia, mimi sasa msitu siuogopi, nitakuja."

Wakacheka. Rajabu akamshika bibi harusi mkono. Wakafika mlangoni. Bwana harusi akatoa mguu wa kwanza nje.

King'ora.

Magari matatu, tarumbeta, zulia. Mbele kabisa Shadhili, kabeba gunia lililolowa maji, hathubutu kuinua uso.

"Bi mkubwa," akasema, "nilitaka kukuambia jana. Sheria. Kila laini na fidia yake. Miti iliyofyekwa kwako sharti irudishwe mahali pengine, na wamesema iende kwa familia iliyonufaika."

"Lakini kaka, hapa kuna watu. Kuna harusi!"

"Kuna shimo, Bi mkubwa."

Na kweli lilikuwapo. Mbele ya mlango wa Fikirini palikuwa pamechimbwa shimo la nguzo ya turubai la akina mama, nguzo ikakosekana, shimo likabaki. Mheshimiwa Makorongo alikuwa amekwisha kulifikia, anatabasamu, kashika mche. "Itifaki imezingatiwa! Na hongereni sana maharusi!" Akapanda, kwa niaba ya taifa. Mche ukajikunja. Kibao kikasimikwa.

Waziri alipomaliza aliondoka harakaharaka, kabla miti haijafunga njia.

Shadhili akabaki. Akageuka mlangoni, akavua kofia. "Bwana harusi," alisema kwa upole, "rudisha mguu."

Rajabu akaurudisha.

Watu wote wa pande zote mbili, wapishi, wapiga ngoma, shehe aliyeozesha, wakautazama uwanja mtupu uliokuwa mbele yao, na barabara ng'ambo yake, na watu wanaopita wakiongeza mwendo. Pilau lilikuwa la siku moja.

Fikirini akamgeukia dada yake. "Dada, wewe ulitokaje?"

Bi Mwanakombo alikuwa amekaa kwenye jamvi, mkaja mapajani. Alimtazama Sikitu, aliyekuwa bado ameshikwa mkono na mumewe kizingitini, hana pa kwenda. Halafu akasogea, akamkalia karibu mama yake Rajabu, akamwekea mkono gotini kama wanavyowekeana watu waliokwisha kuwa ndugu.

"Mkwe wangu," akasema, "hebu niambie. Huko kwenu, uwanja ni mkubwa?"

Mama yake Rajabu akavua miwani. Akajifunga upya kanga yake kiunoni, akaikaza, akatazama pembeni.

Wenzangu, ningependa kuwafikisha mpaka nyumbani kwa bwana harusi. Lakini kutoka hapo kwa Fikirini hakupitiki, na mimi sina ndugu wa kumpelekea msitu.